Mgonjwa wa Majaribio

Mektrida wa Uru alipiga deki wodi za hospitali moja ya Moshi miaka kumi na moja, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko dawa aliyomwaga sakafuni. Basi mwaka 2000, Ebola ilipolipuka Uganda, daktari akataka zoezi: atafutwe mtu mwenye afya yake, alazwe kama mgonjwa, hospitali ijipime. Weee! Watu wakaruka. Nani ajitakie balaa?

"Waoga wakubwa nyie," Mektrida akasema. "Nitalala mimi. Angalau nipumzishe kiuno."

Wakambeba kwa machela, wamejifunika plastiki mpaka machoni, wakamwingiza chumba cha kutengea wagonjwa na kufunga mlango kwa nje. Hapo kicheko kikamkauka, maana chumba hicho alikijua. Miaka miwili nyuma, wakati wa kipindupindu, humo alilazwa Primus, kijana wa Sanya Juu. Kijana alimwita, "Mama, njoo unishike mkono tu." Mektrida akajibu akiwa mlangoni, "Nakuja, mwanangu." Hakwenda. Aliogopa, basi. Aliporudi, kijana alikuwa ameshafunikwa shuka usoni. Hakumwambia mtu, hata padri.

Sasa akangoja. Nje zoezi lilikuwa limekwisha, anasikia vikombe vya chai vinagongana. Yesu na Maria, wamemsahau! Akagonga mlango, akaita. Nesi Justina akaitikia kutoka kwenye korido, "Nakuja, mama!" Viatu vyake vikapita mlangoni, vikaenda zake.

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, na hakuthubutu kukitazama kile kitanda. Alikuwa na hakika kwamba akikitazama, atamkuta mtu.

Saa nzima ikapita ndipo wakamfungulia. Justina akacheka kwa aibu, "Samahani mama, tulipitiwa." Kwenye kikao daktari akasifu nguo, akasifu klorini, akasifu machela, kila kitu sawasawa.

"Na wa kukaa ndani na mgonjwa ni nani?" Mektrida akauliza.

Kila mtu akainamia daftari lake.

"Basi niandike mimi, daktari," akasema. "Andika sasa hivi, kabla sijakimbia tena."

Daktari akaandika. Hakuna aliyemuuliza mara ya kwanza alikimbia lini.