Kumfuata Bihogo Mabira

Sababu ya safari hii nimeulizwa na watu wengi hapa kwetu Ndama, na kila mmoja nimempa jibu la heshima. Mchungaji nilimwambia kwamba duka langu la vipuri linahitaji mzigo wa mara kwa mara kutoka Bukoba, na kwamba pikipiki yangu ndogo, cc 125, inahema vibaya kwenye milima. Mama mkwe nilimwambia ni mambo ya usalama barabarani. Nyinyi nitawaambia ukweli: niliitaka tu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya Walutheri, na kwa miaka yote niliyouza plagi na cheni za pikipiki za watu, nimetamani pikipiki kubwa ya mbio, ile ya silinda nne ambayo unailalia kifua kwenye tangi. Nimeitamani mpaka nikawa naiota.

Habari za hiyo niliyoifuata nililetewa na dereva wa lori aliyekuja dukani kununua balbu. Aliniambia kwamba Mabira, wilayani Kyerwa, kuna mfugaji ana pikipiki nyekundu ya cc 600, imekaa tu, na mwenyewe anataka kuiuza. Wanunuzi wawili walikwisha kwenda wakarudi mikono mitupu.

"Bei kubwa?" nikamuuliza.

"Bei hata hawakuifikia, Mama Koku. Walifukuzwa."

Hapo ndipo nilipokosa usingizi kabisa. Baba Koku, mume wangu, alinisikiliza jioni ile huku akimenya ndizi.

"Hiyo haina keria," akasema. "Mkungu utaufunga wapi?"

"Sitabeba mkungu."

"Haya, nenda. Lakini ukirudi nayo, abiria wa kwanza ni mimi."

Pikipiki ndogo nayo ilikwisha kupata mtu. Jirani yetu Mwalimu Renatus aliahidi kuja kuikagua siku nitakayorudi. Kwa hiyo nilitoka nyumbani nikiwa na kofia ngumu kwapani, koti la mvua mgongoni, na hofu moja tu: nisije nikawa wa tatu kufukuzwa.

Omurushaka, asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni nilipopanda gari la kwenda Kyerwa. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya aliitazama kofia yangu kwa muda, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, gari hili linaanguka sana?"

Nikamwambia hapana, kofia ni ya kurudia kwa pikipiki. Akaguna, lakini akasogea karibu na mlango.

Barabara ya Kyerwa inapanda na kushuka katikati ya migomba na mibuni, na kila tulipofika kileleni vilima vingine vilijitokeza mbele. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha udongo mwekundu unateleza. Dereva alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa najiuliza pikipiki ya mbio, yenye matairi laini ya lami, itapitaje hapa siku hiyo hiyo nikirudi. Swali hilo nikaamua kutoliwaza tena.

Rubwera. Hapa ndipo zilipo ofisi za wilaya, na katika mojawapo anafanya kazi shemeji yangu Deus, mdogo wake Baba Koku. Yeye kama sisi ni Mhaya wa Muleba, na ni mtu wa suruali iliyonyooshwa vizuri na maoni juu ya kila kitu. Alikuwa ameomba ruhusa ili anisindikize. Mke wake alituletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, tukatafuna, nikala na ndizi zake za maharage. Deus akanipa mafunzo.

"Shemeji, ukifika usioneshe kwamba umeipenda. Ikandie. Mwenye mali akiona macho yako yanang'aa, umekwisha."

Nilimwambia kazi hiyo simhitaji mtu anifundishe. Pikipiki ikiingia dukani kwangu, kabla sijajibu salamu ya mwenyewe nimekwisha kuona cheni iliyolegea na plagi iliyokufa. Ndivyo ninavyopata mkate wangu. Akacheka, akanipakia kwenye pikipiki yake, tukaondoka.

Kuelekea Mabira. Tuliiacha barabara kubwa tukashika njia nyembamba. Migomba ikaanza kupungua, nyasi zikafunguka, na ng'ombe wa pembe ndefu wakaanza kuonekana mteremkoni. Waliinua vichwa kututazama, wakaona hatuna maana, wakaendelea kula. Tuliuliza njia kwa bodaboda aliyekuwa amepumzika chini ya koti lake, akatuelekeza kwa kidevu.

"Kwa Kamugisha? Mnaenda kumwona Bihogo?"

Deus alinieleza njiani kwamba Bihogo ni jina analopewa ng'ombe mwenye wekundu uliokolea. Nikadhani tunaelekezwa kwa mfugaji mwingine. Kumbe ndiye.

Kwa Kamugisha. Boma lilikuwa la miti, lango wazi, ua umefagiliwa. Kando ya nyumba kulikuwa na banda la ndama, na ndani yake, pembeni ya ndama watatu, alisimama Bihogo. Mwekundu kama buni iliyoiva, ameinamisha shingo mbele, amefungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo ili asianguke pale stendi inapozama kwenye udongo. Moyo uliniruka. Nikakumbuka mafunzo, na zaidi ya hapo nikakumbuka kazi yangu, na miguu yangu ikanipeleka moja kwa moja bandani.

"Cheni imekauka hii," nikasema kwa sauti. "Tairi la mbele limepasuka pasuka. Hii taa si yake. Hapa imelala upande, ona mikwaruzo."

"Chuma chakavu hiki," Deus akaongeza, mikono mifukoni.

Nilipogeuka nikaona watu wawili wanatutazama. Mmoja alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, fimbo mkononi, huyo ndiye Kamugisha. Mwingine alikuwa mama yake, ameketi mkekani akisuka kifuniko cha chombo cha maziwa. Mikono yake ilikuwa imesimama. Alisema neno moja kwa Kinyambo kwa mwanawe, kisha akatugeukia kwa Kiswahili.

"Hapa hakuna kinachouzwa."

Deus akataka kueleza kwamba tumetoka mbali. Mama akarudi kwenye kusuka. Kamugisha akanyoosha mkono kuelekea langoni, kwa adabu, kama mtu anayewaonesha wageni mandhari. Tukatoka. Nilijisikia machozi yananilenga, na sioni aibu kusema hivyo. Kitu nilichokiota miaka yote nilikuwa nimekiona kwa muda wa kukohoa mara mbili, na muda huo wote nilikuwa nakitukana.

Langoni Kamugisha alitusimamisha.

"Dada, ungekuja hapa kununua ng'ombe, ungeanza na kwato zake mbovu? Mbele ya mama yangu? Hata salamu hujatoa?"

"Lakini ile ni pikipiki, kaka."

"Niliinunua Dar es Salaam nilipokuwa naendesha malori. Nilivyorudi nyumbani nilimletea mama, nikamwambia hiki ndicho nilichovuna huko. Akampa jina, akamweka na ndama. Wale wawili waliokutangulia walifanya kama wewe. Mmoja alimpiga teke tairi."

"Sasa nifanyeje?"

Kamugisha akakuna kichwa. Kabla hajajibu, sauti ya mama yake ikatoka uani, kavu kidogo, lakini mwishoni niliisikia ikicheka.

"Kamugisha! Hao kama ni wageni, mbona sijasikia hodi?"

Nilimtazama Deus. Nikamwambia atoe mikono mifukoni. Tukarudi nyuma mpaka njiani, tukageuka, tukaja upya.

"Hodi, waitu!" nikaita, kwa neno la heshima la kwetu.

"Karibuni!" mama akaitikia kana kwamba hajawahi kutuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka wapi jua lote hili?"

Nilikaa mkekani. Sikugeuza shingo upande wa banda, ingawa shingo yenyewe ilinisumbua sana. Tukaletewa maziwa yenye harufu ya moshi, nikanywa mpaka mwisho. Tuliongea juu ya mvua, juu ya nyasi, juu ya watoto wangu na majina yao. Nikawasifu ng'ombe tuliowapita mteremkoni, na sifa hizo zilikuwa za kweli. Deus, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na maoni. Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa pili wa nyumba mama alipoweka kifuniko chake chini.

"Na huko Ndama, utamlaza wapi?"

"Sebuleni, mama. Nimekwisha kuhamisha kochi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa kweli, kochi lilikuwa kwenye veranda tangu juzi yake na Baba Koku alikuwa amenuna.

"Utamwachia kila mtu ampande?"

"Mume wangu tu. Na atakaa nyuma."

Akamwambia mwanawe jambo kwa Kinyambo. Kamugisha akainuka, akanichukua mpaka bandani, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitegemea. Mimi nilikuwa nimefunga mdomo, nimeapa sitataja kasoro hata moja. Yeye akaanza kuzitaja zote.

"Gia ya tatu inaruka ukiwa mlimani, ishike kwa mguu mpaka itulie. Breki ya nyuma inang'ang'ania akilowa. Asubuhi ya baridi hawaki mpaka umsubiri. Alianguka mara moja, Chalinze, upande huu, mguu wangu bado unauma. Taa umeiona mwenyewe, si yake."

Gia ya tatu nisingeigundua. Breki nisingeigundua mpaka iniue. Miaka yangu yote nyuma ya meza ya vipuri, nimewakuta wauzaji wakibisha kila kasoro niliyoinyooshea kidole, nikadhani hiyo ndiyo biashara. Huyu alikuwa ananieleza ugonjwa wa kila kiungo, taratibu, kwa sababu mnyama anahamia kwangu na ni lazima nijue namna ya kumtunza.

Bei tulikubaliana palepale, bila kelele. Deus akalinganisha namba za kadi na za injini, mwenyekiti wa kitongoji akaja akashuhudia, tukatia sahihi. Kisha Kamugisha akafungua kamba kwenye nguzo. Nikanyoosha mkono kuipokea, nikidhani itanifaa njiani. Akaizungusha kiganjani, akampa mama yake.

"Kamba inabaki," mama akasema. "Ng'ombe anaondoka, kamba inabaki, ili boma lisisahau kwamba alikuwepo. Wewe nenda naye. Tutakuja kumsalimia."

Bihogo aliwaka nilipojaribu mara ya pili. Ndama hawakushtuka hata kidogo, mimi ndiye niliyeshtuka. Kamugisha alisimama na fimbo yake mpaka tulipopotea, na nilipotazama kwenye kioo nilimwona anafuta uso kwa mkono wa shati.

Kurudi. Kutoka Mabira nilikwenda mwendo wa mama mjamzito, Deus nyuma yangu akipiga honi kunitia moyo. Mikono ya Bihogo iko chini, mgongo wangu uko juu, na kila shimo nililihesabu kwa kiuno. Ng'ombe walewale waliinua vichwa, na safari hii hawakurudi kula upesi. Tulipoagana Rubwera, Deus alinishika mkono.

"Shemeji, ile kauli ya chuma chakavu naifuta."

Mlimani, kabla ya Omurushaka, gia ya tatu ikaruka kama nilivyoambiwa. Nikaishika kwa mguu, ikatulia. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia. Halafu lami ikaanza, kavu, nyeusi, imenyooka, na hakuna mtu mbele. Nikalala kifua kwenye tangi. Sitawaambia mwendo wangu kwa sababu mama mkwe anasoma. Nitasema tu kwamba niliimba sauti ya kwanza, ambayo mwalimu wa kwaya hanipi.

Ndama, jioni. Baba Koku alikuwa amesimama barabarani amevaa kofia ngumu yangu ya zamani, tayari, na kochi aliliona si kitu tena. Nilimzungusha mpaka kanisani na kurudi. Alinishika kiuno kwa nguvu ambayo sijaiona tangu tulipokuwa wachumba.

Tuliporudi uani, Mwalimu Renatus alikuwa amekwisha kufika. Hakutuona. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yangu ndogo, ile iliyonipeleka kliniki na mimba ya Koku, iliyobeba mizigo ya kwanza ya duka langu.

"Tairi la nyuma limekwisha hili," alikuwa akisema. "Cheni nayo. Kiti kimechanika. Sijui kama hata inafaa…"

Nikavua kofia.

"Mwalimu," nikasema, "nakuomba utoke mpaka barabarani, halafu uje upya."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa afundishe somo la mwenzake. Lakini ni mtu mwema, akaenda. Akabisha hodi. Nikamkaribisha, nikamchemshia chai, tukaongea juu ya mvua na watoto wa shule. Kisha nikampeleka kwenye pikipiki yangu na kumweleza kila ugonjwa wake, hata ule wa klachi ambao Baba Koku haujui.

Alipokuwa anaisukuma kuelekea langoni nikamsimamisha. Nikafungua mpira mweusi wa kufungia mizigo, uliokuwa kwenye keria miaka yote, nikauzungusha kiganjani.

"Huu unabaki," nikamwambia.

Hakuuliza kwa nini. Nadhani aliuona uso wangu.