Dada wa Kompyuta wa Ngokolo

Tulimwita dada wa kompyuta, na mwaka ule wa 1998 wenye watoto ughaibuni walimtegemea yeye tu. Alikaa nyuma ya makatoni ya madaftari, katika duka la Nazir, mtaani kwetu Ngokolo. Modemu ikishamaliza kelele zake, alifungua programu ya kuperuzi intaneti, akabofya kibahasha kilichokuwa pembeni, maana sanduku la barua lilikuwa humo humo ndani. Anwani ilikuwa moja kwa watu wote. Barua alizipanga kwa majina ya akina mama. Kabla ya kusoma aliifuta skrini kwa ncha ya mtandio, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Na kila alipofika kwenye “Shikamoo, mama,” alinyamaza. Hakuendelea mpaka aitikiwe. Sisi wa kwenye foleni tuliguna, tuna haraka zetu.

Siku moja akaja Mama Bujiku, ametoka shambani na vumbi lake miguuni. Mwanawe alikuwa akisoma India, na alikuwa hajaandika kwa miezi minne. Leo barua ilikuwepo.

“Shikamoo, mama,” dada akasoma, akanyamaza.

“Marahaba, mwanangu,” Mama Bujiku akaiambia kompyuta, akavuta kiti karibu.

Nilikuwa nimechoka kungoja, nikasogea nyuma yao nione barua ina urefu gani. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja: “Nitumieni cheti changu cha kuzaliwa haraka.” Basi. Nikarudi kwenye foleni. Dada alikuwa bado anasoma.