Chupa Nyekundu ya Saa Nane

Kwa wiki tatu mfululizo, tangu programu mpya ifungwe kiwandani, ikigonga saa nane mchana, mkanda wa kupitisha chupa za sabuni ya maji uligoma kama punda. Taa ya njano inawaka, kila kitu kinasimama, na programu inaamuru mitambo ijioshe dakika arobaini. Na kila ulipogoma, aliyekuwa pale ni mtu yuleyule: Babu Saa, mwendesha mtambo wa zamu ya asubuhi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuchelewa kazini.

"Anaupiga vita mtambo mpya," meneja alimwambia Dada Kompyuta asubuhi ile. "Kumbukumbu za programu yako mwenyewe zinaonyesha. Kila saa nane anapitisha chupa tupu makusudi. Saa tisa leo namkabidhi barua ya kumwachisha kazi."

Dada Kompyuta ndiye aliyeiandika programu ile, kwa miezi minane, katika ofisi ya juu yenye kiyoyozi. Kusema kweli, alishusha pumzi kidogo: kumbe kosa si lake. Lakini moyo haukukaa sawa. Mama yake ni fundi cherehani, na tangu utotoni alimwona akikataa kugusa mkasi kabla hajampima mteja. Yeye alimpima nani? Alisoma michoro ya mitambo yote. Watu hawamo katika michoro.

Saa nane kasorobo akavaa ovaroli, akashuka.

"Leo umeshuka, binti?" Babu Saa alipaza sauti kuushinda mngurumo. "Nilidhani nyie wa huko juu mnapandishiwa hata hewa kwa kamba!"

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuangalia tu."

"Marahaba. Angalia, macho hayalipiwi."

Chupa zilizojaa zikapita mbele yake kuelekea kwenye jicho la umeme linalozikagua. Saa nane ilipofika, Babu Saa akachomoa mfukoni chupa nyekundu, tupu, isiyo na kifuniko, akaisimamisha juu ya mkanda kwa heshima zote. Jicho likaiona. Taa ya njano. Kimya.

"Ona sasa!" Babu Saa akapiga paja. "Mtoto wako kazimia tena."

"Babu, hiyo chupa ni ya nini?"

"Ya mpaka. Mbele yake sabuni yangu, nyuma yake ya mwenzangu wa zamu ya mchana. Ikipatikana chupa iliyojaa nusu, hatugombani nani alisinzia. Mwaka wa kumi na tisa huu tunafanya hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Dada Kompyuta akaitazama chupa ile. Aliiagiza programu kwamba chupa tupu ikifika kwenye jicho, maana yake mitambo imeziba. Hakuwahi kufikiri kwamba chupa tupu inaweza kuwa neno, na kwamba watu wamelisemezana miaka yote hiyo. Wasomi tunajenga mitambo ya kuwahudumia watu, halafu tunaona aibu kushuka ngazi kumi na nne kuwauliza!

Ngazi hizo alizipanda mbiombio. Barua ilikuwa mezani kwa meneja, imeshapigwa muhuri.

"Bosi, kosa ni langu," akasema, akaeleza yote bila kujitetea.

Meneja akaichukua barua. "Unajua barua hii inaweza kubadilishwa jina?"

Dada Kompyuta akafikiria kodi ya nyumba, akamfikiria mama yake. "Basi ibadilishe. Ila yule mzee asiguswe."

Meneja akaichana barua vipande viwili, kisha vinne.

"Nenda kairekebishe," akasema, "kabla sijaipata kalamu ya kuandika nyingine."

Dada Kompyuta alicheka peke yake ngazini, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake, saa nane, Babu Saa aliisimamisha chupa yake. Ikasogea. Jicho likaiona nyekundu, likaandika kwamba zamu ya asubuhi imekwisha, likaanza hesabu ya mchana. Mkanda haukutikisika hata kidogo.

"Pumua, binti," Babu Saa akamwambia. "Umekuwa wa bluu."

Akapumua. Kifua kizima kikafunguka, kana kwamba ni yeye aliyezibwa wiki zote tatu.

"Asante, babu. Sasa nirudi juu."

"Urudi wapi? Vuta kile kiti." Mzee akafuta mikono kwa kitambaa. "Yapo mengine saba hujaniuliza."