Pazia la Baba Mkwe

Mimi ni dereva wa watalii, ni mwanamke, na nina hasira za karibu. Niliambiwa zamani kwamba mambo hayo matatu hayakai pamoja, na waliosema hivyo nawapita barabarani miaka mingi sasa. Nilizaliwa Ringwani, nikaolewa Nyanungu, na ugali wangu unatoka ndani ya geti la hifadhi.

Kazini kwetu tunauza safari za kupimiwa. Mgeni hatumpangii njia tukampandisha tu garini. Tunampima kwanza, kama fundi anavyompima mtu suti. Kuna fomu ndefu: unakunywa nini asubuhi, unaogopa nini, mgongo wako unavumilia saa ngapi za mashimo, kitu gani ukikikosa utarudi kwenu na kinyongo. Kisha tunamshonea safari yake peke yake, hema lake, meza yenye kitambaa cheupe katikati ya pori, na taulo la uvuguvugu la kujifutia vumbi. Nimeshawashonea watu wa kila namna. Yupo aliyetaka asione mtu mwingine siku nne, na hakuona.

Safari niliyoishona vibaya kuliko zote ni ya baba mkwe wangu.

Lazima nieleze kwanza tunavyoishi. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Simpi mkono, sili mbele yake, simkatizi njia, na akiingia upande huu wa ua mimi natokea upande ule. Si chuki, ni heshima, na ukiizoea ina raha yake, maana kwa miaka kumi na minne hatujawahi kugombana. Tukiwa na la kuambiana tunampitishia mama mkwe. Hata kama wote watatu tumekaa umbali wa kusikilizana, neno lazima lipite kwake kwanza.

Nikirudi likizo nilikuwa nakaa jikoni na mama mkwe namsimulia ya kazini. Baba mkwe alikuwa akikaa nje ya ukuta wa jiko, akichonga mpini wa jembe. Mpini huo mmoja ulichukua miezi minne. Mume wangu ndiye aliyenifumbua macho.

"Tata hachongi kitu pale," alisema, akimtaja baba yake kwa lugha ya nyumbani. "Anakusikiliza wewe."

Tangu siku hiyo nilianza kuongeza sauti kidogo, na kuzipamba hadithi zangu. Nilimpenda mzee yule kupitia ukutani, na sioni aibu kuliandika hilo.

Hadithi moja aliikataa kabisa. Nilikuwa nikimwambia mama mkwe kuhusu kule kusini, ukishazipita nyanda za nyasi fupi kuelekea Oldupai, ambako wakati wa kiangazi nchi inakuwa jangwa. Hakuna mti, hakuna maji, vumbi jeupe tu hadi macho yanapochoka. Na katikati ya weupe huo kuna kilima cha mchanga mweusi, kimejikunja kama mwezi mwandamo, na kinatembea. Upepo unauokota mchanga wa mgongoni na kuushusha mbele, kila siku kidogo, na kilima kinahama chote bila kumwagika. Wamechomeka vigingi kuonyesha kilipokuwa miaka iliyopita.

Nje, kisu kikanyamaza.

"Mwambie mkamwana wako mchanga hauna miguu," sauti ikasema.

"Anasema mchanga hauna miguu," mama mkwe akaniambia.

Mwaka huo huo macho yake yakaanza kumsumbua. Hospitali walisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakitarudi, na kilichobaki kitalindwa na matone kwa muda tu, huenda usifike mwaka. Aliporudi hakulalamika. Alimwambia mama mkwe kitu kimoja: kabla macho hayajafunga, angependa kwenda kuuona mchanga wa mkamwana, amkamate kwa uongo wake.

Nililia, kisha nikaenda kwa bosi. Ilikuwa Oktoba, nyumbu wako kaskazini, kusini kumekauka na hakuna mgeni anayekutaka. Bosi akanipa Landkruza, mahema mawili na siku tatu, zawadi ya utumishi wangu. Nikachukua fomu ileile ya wageni, nikakaa na mama mkwe jikoni, tukamjazia mzee.

Anakunywa nini asubuhi? Chai ya maziwa, isiwe ya kuchovya majani. Anaogopa nini? Haogopi kitu. Angependa kuona nini? Mchanga, na simba kama yupo njiani. Ana tatizo gani la afya?

"Macho tu," mama mkwe alisema. "Hilo unalijua."

Mgeni angenijibu hivyo ningemuuliza maswali kumi mengine. Lakini mtu haulizi habari za mwili wa baba mkwe wake. Nikaandika "macho", nikafunga fomu.

Mpango ulikuwa mume wangu akae kiti cha mbele, awe ukuta kati yangu na baba yake. Yeye anaendesha mitambo mgodini Nyamongo. Siku moja kabla ya kuondoka mwenzake akaugua, na likizo ikafutwa. Nilimfokea kwenye simu kana kwamba yeye ndiye aliyemwambukiza mwenzake. Sasa gari lingekuwa na mimi, mzee na mama mkwe, siku tatu, chini ya paa moja. Nani angekubali?

Nikaenda kwa fundi wa nguo mjini Mugumu. Akanishonea pazia la turubai laini, rangi ya viti vya gari, lenye pete za shaba, la kufunga nyuma ya kiti changu kutoka mlango hadi mlango. Upande wao waliachiwa madirisha makubwa ya pembeni, kulia na kushoto. Nililitazama pazia lile nikajisifu. Hakuna mgeni aliyewahi kushonewa heshima ya namna ile.

Tukaingia kwa geti la Ikoma asubuhi. Nilikuwa nasimama, natangaza kwa sauti kwa mama mkwe, na mama mkwe anarudia.

"Twiga, kulia."

"Anasema twiga, kulia."

Nikasikia kiti kinalia, anageuka. Kisha, "Mwambie nimeona."

Tukakuta simba watano juu ya mwamba, karibu na barabara, mmoja akijilamba. Nilizima gari robo saa nzima. "Mwambie nimeona," mzee akasema. Kiboko, ameona. Chui juu ya mti, mkia unaning'inia, wageni wanavuka bahari kwa ajili ya mkia ule, naye ameona. Nilianza kukasirika kimoyomoyo. Mtu gani anamwona chui halafu hasemi hata neno la ziada? Mchana nikawatandikia meza na kitambaa cheupe, nikampa mama mkwe mataulo ya uvuguvugu, nikaenda kula nyuma ya gari. Nilimsikia mzee akiuliza kama taulo ni la uso au la miguu. Mama mkwe akamwambia ajifute tu.

Jioni, kambini Seronera, mama mkwe alikuja kunisaidia chai. Akakaa juu ya boksi la vyombo, akanitazama.

"Mwanangu," alisema, "hajaona kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Macho yake yamebaki na tundu katikati. Anaona mbele tu, mbali, kama anachungulia kwenye bomba. Kitu cha pembeni, mpaka akitafute na lile bomba, gari limeshaondoka. Kama angekuwa anatazama mbele angekiona kinakuja. Lakini mbele kuna pazia."

"Na simba? Tulikaa robo saa."

"Aliwatafuta. Akaona kipande cha jiwe."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Alinikataza. Alisema mkamwana amegharamika kumheshimu, yeye atamrudishiaje malalamiko?"

Nilishikwa na hasira mpaka nikamwaga chai. Nilimkasirikia mzee kwa kunyamaza, mama mkwe kwa kumtii, mume wangu kwa kuwa mgodini. Ilinichukua muda kufika kwangu mwenyewe, niliyefunga fomu kwa sababu ya haya. Siku nzima ya macho yaliyobaki kidogo vile, na mimi nimeifunika kwa turubai.

Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, nilizing'oa pete zote. Mzee akaja na fimbo yake, akausikia mlio wa shaba, akasimama mbali.

"Muulize anafanya nini," alisema.

"Mwambie Baba, mimi nitatazama barabara tu. Yeye atazame mbele, juu ya bega langu. Sitageuka."

Mama mkwe akafikisha. Mzee akatafakari mpaka nikadhani safari imeishia hapo.

"Na kile kioo?"

Alikuwa amekikumbuka kioo cha ndani ambacho mimi nilikisahau. Nikakigeuza kikatazama paa. Akapanda.

Nimeendesha wageni wengi kusini, lakini sijawahi kuiona nchi ile kama nilivyoisikia siku ile kutoka nyuma ya shingo yangu. Mzee ndiye aliyekuwa anatangaza sasa. "Mwambie kuna mbuni." Kweli, mbali kabisa, mbuni. "Mwambie kuna moshi unasimama wenyewe." Kisulisuli cha vumbi, kirefu, kinazunguka peke yake kwenye nchi tupu. Kila alichokitaja kilikuwa mbele, na gari lilikuwa linamsogezea. Nilipunguza mwendo kadiri nilivyoweza. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa sababu mkono ukipanda usoni mtu wa nyuma anaona.

Tukafika karibu na adhuhuri. Kilima kilikuwa pale, cheusi tii juu ya weupe.

"Kipo," mzee alisema. Hakusema aambiwe nani.

Mama mkwe ana magoti mabovu. Alitazama umbali na mchanga laini, akasema mchanga ameshauona mtoni, atabaki garini. Mzee hakumngoja. Alikuwa ameshashuka na fimbo yake, bomba la macho limekielekea kilima, anatembea upesi kama mtu anayewahi mnada wa ng'ombe. Nikamfuata nyuma, hatua kumi, kama inavyotakiwa.

Aliona kilima vizuri. Asichokiona ni ardhi ya miguuni pake, na mbele ya miguu yake kulikuwa na kigingi, kimoja cha vile vya miaka iliyopita, chuma kimetokeza usawa wa goti. Niligeuka kumtafuta mama mkwe, nimpe neno alipeleke. Alikuwa mbali, amefunga dirisha kwa ajili ya vumbi.

"Baba," nikasema. "Kigingi. Pita kushoto."

Alisimama kama aliyeguswa. Upepo ulikuwa unatupitia. Miaka kumi na minne, na hilo ndilo neno langu la kwanza kwake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umesema kushoto?"

"Kushoto, Baba."

Akapita kushoto. Akafika, akapiga goti, akauchota mchanga kwa mikono miwili, akausugua. Nilisimama hatua zangu kumi, nikitazama pembeni.

"Kimetoka wapi?" aliuliza.

"Kuna mlima huko mashariki uliwahi kutapika majivu. Ni majivu hayo."

"Kinaenda wapi?"

"Magharibi, Baba. Upande wa kwetu."

Akacheka. Sikujua kuwa anacheka vile, kwa kifua kizima.

"Basi kitanikuta," alisema.

Tulirudi garini kila mtu kwa hatua zake. Mama mkwe akatutazama mmoja mmoja.

"Nimeona midomo miwili inacheza kule," aliniambia.

"Vumbi tu, mama."

"Mwambie ahsante," mzee akasema kutoka kitini kwake, na mama mkwe akaniambia kwamba baba anasema ahsante. Tukaendelea na adabu yetu hadi Nyanungu. Pazia linafunika magunia ya mahindi siku hizi.

Macho yalifunga kabla ya mwaka kwisha. Mipini hachongi tena, lakini kiti chake hakijaondolewa nje ya ukuta wa jiko. Mimi bado nawapeleka wageni kusini, na kila nikifika kilimani huwaacha wapige picha, nikaenda kupima kwa hatua kutoka kwenye kigingi kile. Nikirudi nyumbani nakaa jikoni na kuanza kumsimulia mama mkwe kama zamani. Sifiki mbali. Sauti ya nje hunikatiza, nayo siku hizi haipiti kwa mtu.

"Mkamwana, kimefika wapi?"

Mama mkwe hugeukia sufuria zake, akajifanya hajasikia.

"Bado kiko njiani, Baba," namjibu mwenyewe.