Pombe ya Paa na Dawa ya Koko

Majuzi nilikwenda Columbus kwenye arusi ya binamu yangu, na huko, rafiki yangu, nikakutana tena na ile chupa. Bila shaka umewahi kuiona: ya kijani, ya pembe nne, nzito mkononi, na kwenye lebo kuna kichwa cha paa dume mwenye msalaba unaong'aa katikati ya pembe zake. Ni pombe ya Kijerumani inayotengenezwa kwa majani, mizizi na maganda ya miti. Ni nyeusi, inaanza kwa utamu na kumalizia kwa uchungu. Kijana mmoja Mkenya, aliyekuja Marekani kusoma na sasa ana kazi ya ofisini na tai ya kuonyesha kwamba anayo, alikuwa amesimama pale mezani akitufundisha jinsi ya kuinywa.

"Hii kitu lazima ikae freezer, sawa?" alisema. "Ikiwa warm hivi umeiharibu kabisa. Halafu unameza mara moja, hakuna kusip pole pole."

Watu wazima, wenye watoto na mvi, walikuwa wakimsikiliza kwa adabu kubwa. Mimi nilitamani kumcheka usoni. Somo hilo nililisikia nikiwa na miaka kumi, kwenye nyumba yetu ya kupanga kule Shively, kusini magharibi mwa Louisville, Kentucky, kutoka kinywani mwa mjomba wangu. Lilimgharimu bibi yangu kitu ambacho hakukipata tena. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa mwaka wa 2015. Tulikuwa na mwaka na kitu tangu tufike kutoka kambi ya wakimbizi, na kabla ya kambi tulikuwa watu wa upande wa Bukavu, Kongo. Baba na mama walifanya kazi kwenye ghala, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya bibi, ambaye sisi watoto tulimwita koko. Nikitoka shule nilimkuta jikoni, kitenge kimefungwa juu ya sweta, redio ya simu ikiimba nyimbo za kanisa, na jikoni kunanuka sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu hadi jirani yetu Mmarekani anafungua madirisha yake kwa kelele ili tujue kwamba ameyafungua. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kuchambua majani ya dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya tumbo. Koko alitumia majani ya mubirizi, ule mti mchungu ambao kwetu hakuna ua usio nao, yakiwa yamekaushwa na kuletwa kwenye masanduku ya watu waliotoka nyumbani. Aliyachemsha na tangawizi na maganda fulani aliyoyajua yeye, mpaka vioo vya madirisha vikatoa jasho. Nilikuwa nabana pua, naye ananicheka. Akina mama wa ghalani walikuja siku za mapumziko, matumbo yao yameharibiwa na vyakula vya baridi wanavyokula wakiwa wamesimama, wanapewa kikombe kimoja. Koko hakuwa mtu wa maelezo. Alisema tu, "Kunywa, kisha utaniambia," na wakirudi kumwambia alikuwa anajifanya hajui wanazungumzia nini.

Lakini kitu ambacho koko alikipenda kuliko dawa na kuliko sisi, na nasema hivyo bila wivu, kilikuwa Meza ya Bwana. Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi wenye zulia la kijivu na viti vya plastiki. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mkate ulikatwa vipande vidogo, maji ya zabibu yakamiminwa kwenye vikombe vya ukubwa wa kidole, sinia likapita. Koko alifunga kula tangu Jumamosi. Alivaa sare ya akina mama na kukaa safu ya mbele. Alikuwa amepoteza mume, shamba, nyumba na makaburi ya watu wake, na aliwahi kuniambia kwamba mahali pake kwenye meza ile ndipo pekee ambapo vita haikuweza kumnyang'anya. Vita haikuweza, ni kweli. Kazi hiyo ilifanywa na wanaume watatu waliovaa viatu vilivyochongoka.

Walikuja mchana mmoja, mchungaji na mashemasi wawili. Walikuwa wamesikia kwamba nyumbani kwetu kunachemshwa dawa za kienyeji. Mchungaji alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri na uvivu mkubwa, aliyependa kuketi kwenye kochi la watu kana kwamba yeye ndiye analilipia kodi. Alifunua sufuria, akanusa, akarudi nyuma.

"Mama, hizi ni dawa za wapagano," alisema. "Huku tulifika na damu ya Yesu, hatukufika na majani."

Waliimwaga kwenye sinki. Kisha, na hapa naomba usidhani natia chumvi, walilizunguka sinki wakaanza kukemea. Wanaume wazima watatu walinyoosha mikono juu ya bomba la maji la Kentucky wakiamuru pepo wa mababu atoke. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo na sijawahi tena kuwaheshimu watu wanaopiga kelele kwa jina la Mungu. Baba alikuwepo. Baba alikuwa anatamani kuwa shemasi, na mtu anayetamani kuwa shemasi anasema "Amina" hata mbele ya sinki.

Koko alitengwa. Kama hujakulia kanisa la namna yetu, kutengwa ni hivi: unavuliwa sare, unakaa kiti cha nyuma, na sinia la Meza ya Bwana linakupita mpaka siku utakaposimama mbele ya watu wote na kutubu. Walimpa muda wa kufikiri. Koko alikunja sare yake, akaiweka chini ya godoro, na kila Jumapili akakaa nyuma karibu na mlango wa choo, mgongo umenyooka.

Miezi ikapita. Mdogo wangu akabarikiwa kanisani, na mjomba wangu, kaka yake mama, akaja kutoka Columbus kwa sherehe. Mjomba huyo alikuwa anajua kila kitu. Alijua njia fupi za barabara ambazo ziliongeza safari, na alijua Ulaya vizuri sana kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Alileta chupa ya paa ndani ya mfuko mweusi, akaificha kwenye friza yetu kati ya sombe na miguu ya kuku.

Watu walikula mbuzi na bugali mpaka wakalegea. Mchungaji alikula kupita wote, kisha akaanza kushika tumbo na kuhema. Pale mjomba akainuka, akaenda jikoni, akarudi na chupa imefunikwa barafu nyeupe.

"Pasta, hii haiko pombe," alisema. "Iko dawa ya majani, ya Wajerumani. Donc, unakunywa kidogo tu, tumbo inafunguka. Na uangalie musalaba huyu."

Mchungaji akaangalia msalaba. Akapangusa barafu kwa kidole ili auone vizuri. Akamwita shemasi, naye akaangalia. Mjomba akaongeza kwamba Wajerumani ndio waliotuletea Biblia, na hakuna aliyemkumbusha kwamba kwetu walikuja Waswidi na Wanorwei. Wote wakaridhika. Kama pangekuwa na paa peke yake wangekataa, lakini paa aliyeokoka, mnyama anayebeba msalaba kichwani, nani angeweza kumshuku?

Basi mjomba akaanza somo. Wajerumani, alisema, hawainywi kabla ya kula, wanainywa baada ya nyama, ikiwa baridi mpaka imekuwa nzito, kwa glasi ndogo na kwa mkupuo. Vijana wanaitumbukiza ndani ya kile kinywaji cha kopo cha kuzuia usingizi, lakini hiyo ni ya wahuni. Mwenye mafua aichanganye na chai ya moto. Mwenye heshima aikamulie ndimu, aiongezee soda ya tangawizi na barafu. Yote hayo alikuwa ameyapata kwa Mmarekani mmoja wanayepakua naye makontena. Mashemasi, kwa ajili ya utafiti nadhani, walijaribu ya baridi, ya chai na ya tangawizi. Mchungaji alimeza ya kwanza, akafumba macho, akasema, "Inashuka. Naisikia inashuka." Akaomba nyingine ili ile ya kwanza isiwe peke yake.

Mimi na koko tuliosha glasi. Alichukua moja, akainusa kwa muda mrefu. Nilimwona akitambua kitu, labda tangawizi, labda mizizi fulani, halafu nikamwona akitambua kile kingine. Aliisuuza, akaniambia nisilambe vidole.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mchungaji akapanda mimbarani na ushuhuda. Alisema alikuwa ameshikwa na tumbo, na Bwana akampelekea uponyaji. Alisema tusidharau uumbaji, maana Mungu ameweka dawa hata ndani ya majani ya msitu. Kanisa likapiga makofi. Nilikuwa na miaka kumi na niliona aibu kwa niaba yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa nayo. Kisha, bado anatabasamu, akamwita koko. Siku ya rehema imefika, akasema, mama yetu asimame atubu ili leo ale na wenzake.

Koko alisimama. Alikuwa amefunga tangu Jumamosi, na sare ilikuwa ndani ya mkoba wake. Nakuambia, alitaka kuila ile meza. Alishika bega langu.

"Pasta, tumbo yako imepona?" aliuliza.

"Imepona, mama. Bwana asifiwe!"

"Bon. Yangu ilikuwa majani na maji tu. Hapana kitu kingine ndani. Nitubu nini?"

Akaketi. Wale waliokuwa kwenye sherehe yetu wakagundua kwamba viatu vyao vina vumbi. Mjomba, aliyekuwa amebaki wiki nzima kwa kupenda sifa, alikohoa. Unafikiri mchungaji aliona haya? Watu wa namna hiyo hawana mahali pa kuiweka haya. Alisema kiburi ni dhambi kubwa kuliko uganga, akamwongezea koko muda wa kutengwa, na sinia likapita. Baba alichukua mkate wake bila kugeuka nyuma. Yeye nilimsamehe, baada ya miaka mingi, na si kwa moyo wote.

Mwaka uliofuata tulihamia Buffalo, Lower West Side, baba alikopata kazi ya kiwandani. Huko tulipata kanisa lingine, la Wakongo na Warundi waliochanganyika, watu wapole wasiojua lolote kuhusu sinki la Shively. Mchungaji wao alimkaribisha koko safu ya mbele siku ya kwanza. Koko akamshukuru, akaenda kukaa nyuma. Jumapili ya Meza ya Bwana sinia lilipomfikia, alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akanipitishia mimi.

Nilimwambia ale, hakuna anayejua. "Mungu anajua walinitenga," alinijibu. "Wale walionifunga ndio watanifungua." Nilibishana naye nikichanganya Kiingereza, kwa jeuri ya mtoto aliyesoma, nikamwambia wale walikuwa walevi na wajinga. Alinijibu kwamba kanisa ni kanisa hata likiwa na wajinga. Huo ndio uaminifu waliouchezea wale mabwana, na ndiyo maana siwezi kuwakumbuka kwa huruma.

Hakuchemsha mubirizi tena. Watu walimletea majani makavu, akawashukuru na kuyatupa. Mama hakujifunza, mimi sikuuliza, na leo hakuna mtu katika ukoo wetu anayejua yale maganda yalikuwa ya mti gani.

Koko alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, mama alipiga simu Louisville kuomba wamfungue, hata kwa simu tu, neno moja. Kumbe kanisa lile lilikuwa limekwisha. Mashemasi waligombana na mchungaji, kila mmoja akachukua watu wake na spika zake, na mchungaji mwenyewe akaenda jimbo jingine bila kuaga. Mama alizunguka namba baada ya namba. Mmoja wa wale mashemasi alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hamkumbuki mama huyo.

Koko alikuwa anamtazama mama mdomoni tangu simu ilipopokelewa. Mama akakata, akamwambia kwamba wamesema amefunguliwa. Koko akamtazama tena, akageukia ukuta. Mama alikuwa ameleta mkate wa Meza ya Bwana kwenye sahani, na ulikauka pale pale.