Zamu ya Kalekye

Sisi tuliokulia Kalamba miaka ile ya sabini tuliamshwa na filimbi. Mama mmoja akipuliza huku kilimani, mwingine anajibu ng'ambo ya mto, na kabla jua halijakaza akina mama wa mwethya, kikundi cha kuchimbiana kwa zamu, walikuwa shambani na majembe, wanachimba matuta ili mvua isibebe udongo. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Watoto tuliwafuata, tukicheza mchezo wa kati, wa kumkwepesha wa katikati mpira wa matambara, mpaka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uive. Tulikula sufuria moja, wa mwenye duka na wa asiye na hata mbuzi. Watoto wa siku hizi ukiwapa muthokoi wanauliza chipsi ziko wapi.

Sheria ya mwethya ilikuwa moja: asiyechimba hachimbiwi.

Kalekye alikuwa mjane, jirani yetu. Mwaka mmoja aliteleza mtoni akiwa na mtungi, akavunjika mkono, na mkono ukaunga vibaya. Jembe likamshinda. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali, na mvua zilikuwa karibu. Zamu yake ilipofika, akina mama walikutana lakini hawakumpangia siku. Wengine walimhurumia, lakini walisema sheria ikivunjwa mara moja, kesho kila mtu atakuwa na mkono mbovu.  Kalekye alijifunga leso vizuri, akainuka aende zake.

Hapo mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema, "Mama Ndunge huwa haji. Hutuma kijana aliyemwajiri, na tunamchimbia. Kwa hivyo sheria haitaki mikono yako. Inataka ulete kitu. Kalekye naye aulizwe ana nini."

Mama Ndunge, mke wa mwenye duka, alikuwepo siku hiyo. Aliinamisha kichwa. Nilidhani vita vimeanza.

Kalekye akajibu polepole, "Watoto wenu naweza kuwatunza. Mkono mmoja unatosha."

Mama Ndunge akasema tutunziwe kwenye veranda ya duka lake, kuna kivuli. Wiki iliyofuata walimchimbia Kalekye matuta marefu kuliko ya mtu yeyote, na Mama Ndunge alikuja mwenyewe. Jioni viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu, naye akicheka kwa aibu.

Pale verandani ndipo nilipojifunza kuhesabu, kwa punje za mbaazi. Kalekye hakuwa amesoma sana, lakini nilipoanza darasa la kwanza mwalimu aliniuliza nani alinifundisha. Na mvua ilipokuja, shamba lake halikuhama. Alivuna.

Siku hizi filimbi hakuna. Tunasaidiana kwa simu: unatuma pesa, unaandika "pole sana," unaendelea na chai yako. Nimewahi kusema kwamba utu ulizikwa na wazee wetu. Lakini juzi nilipokuwa nyumbani, vijana walipanga katika kikundi chao cha simu kwenda kumchimbia matuta mzee mmoja asiyeona. Walifika saa nne, wakati mama zetu wangekuwa wameshamaliza nusu ya shamba. Wengi hawakujua hata jembe hushikwa wapi, na mmoja alipiga picha kabla hajagusa udongo. Nilivua viatu nikawaonyesha. Walichimba mpaka jioni.