Nyuki Katika Msonge

Ghala la Mobeni, Durban, nilikokuwa nikipakua maboksi ya vigae lilifungwa katikati ya Desemba, mwaka 2011, nami nikabaki na wiki tatu za likizo na miguu inayowasha. Mwenzangu wa zamu, Mzulu mrefu aliyeendesha foklifti, aliniuliza kama nimewahi kuona vilima vya kwao, nyuma ya Durban, wakati wa mahindi mabichi. Sikuwahi. Kwa mtu kama mimi hilo lilitosha. Hata shule niliiacha darasa la sita kwa sababu ya aina hiyo: watu wa kwetu Tabora walikuwa wanaingia porini kurina asali, wanakaa huko majuma mazima, na mimi nilitaka kuona wanachokiona.

Mjini, kule Berea, nilikaa chumba kimoja na kinyozi Mkongomani. Aliponiona nafunga begi aliweka mashine yake chini.

"Noeli yote hii? Batu bote banashuka ku plage, ku bahari, weye unapanda ku mulima kulala na mbuzi? Kule iko nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

"Eish! Weye, siku moja utapotea na hata hatutatangaza."

Njiani mwenzangu alinieleza habari ya kwao. Baba yake alifia kwenye kazi ya reli, mbali sana, upande wa Rasi, kunakozama jua, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa kubebwa, na akazikwa hukohuko. Mama yake hakupata kamwe njia ya kwenda kumchukua.

"Kumchukua vipi, na ameshazikwa?" nikamuuliza.

"Kilichozikwa ni mwili. Yeye mwenyewe hajarudi nyumbani. Mama anamsubiri. Kuna msonge wa baba pale uani, kila asubuhi anaufagia. Miaka kumi na tisa sasa. Anasema siku akija asikute vumbi."

Niliuliza maswali mengine ishirini, kama kawaida yangu, mpaka abiria wa mbele akageuka kuniangalia. Swali moja tu sikuliuliza: atajuaje kwamba mumewe amekuja?

Jamani, kijiji kile! Nyumba zimetawanyika juu ya vilima, moja huku moja kule, na kati yake majani marefu hadi kifuani yanayolala na kuinuka upepo ukipita. Alfajiri kulikuwa na ndege mmoja anayerudia wito wake uleule wa sauti tatu mpaka unaamka kwa hasira, na mwenzangu akaniambia huyo ndiye anayewaamuru watu waende shambani. Saa tano nyenje walianza kupiga kelele kama mashine ya kukatia bati. Tuliokota mapichi chini ya miti, yana joto la jua, mengine yameshatobolewa na ndege, na hayo ndiyo yalikuwa matamu zaidi. Mchana tulioga kwenye kona ya mto penye mgunga mkubwa uliolalia maji. Alasiri mawingu yalirundikana juu ya vilima, radi ikapiga, mvua ikamwagika nusu saa, kisha jua likatoka tena na ardhi yote ikafuka mvuke. Sikutaka kulala. Nilihisi kila nikifumba macho kuna kitu kinanipita.

Mama wa nyumba alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, na Kizulu changu cha ghalani kilimchekesha. Mimi nilimwita Ma, yeye aliniita mwanangu. Alinipa jembe siku ya kwanza na kunipa mahindi ya kuchoma siku ya kwanza hiyohiyo, kwa hiyo tukaelewana.

Siku ya sita, Jumatano, mwenzangu alienda ng'ambo ya bonde kwenye harusi ya binamu yake. Mchana huohuo nilisikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya jina langu. Bumba la nyuki! Lilikuja kutoka upande wa machweo, jeusi, linajikunja hewani kama moshi wenye akili, likazunguka uani mara mbili na kuingia ndani ya msonge wa baba. Nilikimbia mlangoni. Walikuwa wamening'inia kwenye boriti za nyuma kabisa, mkabala na mlango, mkungu mzima unaotikisika.

Ma alikuja nyuma yangu. Akaweka mkono mdomoni. Akanivuta nje polepole, akafunga mlango bila kuubamiza, akaondoka kwa kunyata. Alhamisi hakufagia msonge. Ijumaa pia hakufagia. Alipita mbali nao, akiongea kwa kunong'ona, na alipotaka kuniambia jambo aliniita kwanza hadi nyuma ya zizi.

Nikajaza mwenyewe maana. Miaka kumi na tisa mama huyu anamwekea mumewe mahali safi, na sasa wadudu wamepakalia, na yeye anawaogopa hata kupumua. Na ndani ya uwanja wake kuna nani? Mtu wa Tabora! Nilifurahi mno. Nilikuwa nimekula mahindi yake siku nane na hatimaye nilikuwa na kitu cha kumfanyia ambacho hakuna mtu mwingine pale angekiweza.

Ijumaa asubuhi alitoka kwenda kwa jirani kuomba mtama wa kutengenezea pombe. Alipoteremka tu, niliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kopo, nikakifunika majani mabichi, nikaingia nalo. Bumba jipya halina masega, halina watoto, halina cha kulinda, kwa hiyo ni pole. Niliwapulizia moshi taratibu kutoka chini, nikiongea nao kama nilivyofundishwa. Baada ya robo saa mkungu ulilegea, wakamiminika mlangoni, wakapanda juu ya paa na kuelekea mtoni. Niliwasindikiza kwa macho hadi walipovuka kilima cha pili. Kisha nikachukua ufagio nikafagia msonge wote.

Mwenzangu alirudi kutoka harusini akakutana na mama yake njiani, wakaingia uani pamoja. Nilisimama mlangoni na ufagio, nikitabasamu kama bwana harusi.

"Ma! Wameondoka! Ingia uone!"

Alitazama kopo linalofuka. Akatua mtama chini. Akachungulia ndani, kwenye boriti za nyuma, kisha akakaa chini palepale kwenye udongo, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Umefanya nini?" mwenzangu aliniuliza.

"Nimewafukuza nyuki."

"Eish, mfowethu, ndugu yangu." Alishika kichwa. "Umemfukuza baba."

Ndipo nikaelezwa nilichopaswa kuuliza tangu garini. Kwao, nyuki wakiingia nyumbani hawafukuzwi. Ni wa ukoo wamekuja, wale waliotangulia. Unawapisha, unanyamaza, unatengeneza pombe ya kuwapokea. Hawa walikuja kutoka upande wa machweo, upande wa Rasi, wakaipita nyumba kubwa, wakalipita jiko, wakaingia msonge wa baba na kukaa nyuma kabisa, mahali pa wazee. Mtama ule ulikuwa wa pombe yake. Ilikuwa inywewe Jumapili.

Ma hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekaa siku mbili tu."

Sijui kama niliaga. Nilikuwa ninakimbia. Bumba likitoka halifiki mbali mara moja, nilijua hilo, hutua karibu kwanza na kutuma wapelelezi watafute nyumba. Linaweza kukaa saa moja, linaweza kukaa hadi kesho, lakini likinyanyuka mara ya pili ndiyo basi. Nilikimbia kupita majani, kupita mbuzi wa watu, nimepoteza ndala moja, nikisikiliza. Niliangalia kila mti kwenye kilima cha kwanza. Hamna. Cha pili, hamna. Nilianza kuongea peke yangu. Kisha nikateremka mtoni, na pale kwenye kona yetu ya kuogea, kwenye tawi la mgunga lililolalia maji, walikuwapo! Wote! Mkungu mzima unang'aa juani. Nilipiga kelele hadi ng'ombe waliokuwa wanakunywa wakakimbia.

Mwenzangu alifika anahema.

"Lete sanduku," nikamwambia. "La mbao, lile la mapichi. Na kitambaa. Haraka! Na Ma aje."

Nilibaki ndani ya maji hadi kiunoni, chini yao, nikiwatazama. Wapelelezi walikuwa wanaondoka na kurudi, wanacheza juu ya migongo ya wenzao, kila mmoja akisifia nyumba yake aliyoiona. Niliwaomba wasikubaliane, maana wakikubaliana wanaruka.

Walirudi wawili. Mwenzangu na sanduku kichwani, Ma na tawi la mti wa miiba mkononi. Niliujua mti ule, ni jamaa ya mkunazi wa kwetu. Ndilo tawi wanaloenda nalo kumchukua mtu aliyefia mbali. Anaambiwa jina lake, anaambiwa twende nyumbani, na anasafiri juu ya tawi.

"Mama, lakini ndani ya sanduku?" mwenzangu aliuliza. "Kweli inahesabika, akibebwa hivi?"

"Alikuja mwenyewe Jumatano," Ma alijibu. "Leo tunamrudisha tu mahali alipokuwa ameshafika. Nishike, nisianguke majini."

Niliweka sanduku chini ya mkungu, nikashika tawi la mgunga na kulipiga kishindo kimoja. Wakaanguka wote kama uji mzito. Wengine walipanda mikononi mwangu, mmoja akaniuma kwenye kidole, nikasubiri. Kisha nikaona nilichokuwa nakitafuta: ukingoni mwa sanduku waliinua mikia na kupepea mabawa, kuwaita wenzao. Malkia alikuwa ndani. Waliobaki hewani walianza kuteremka na kuingia, na sisi watatu tulikaa mtoni zaidi ya saa nzima tukiwangoja, hadi hewa ikabaki tupu.

"Sasa sikiliza," mwenzangu alisema. "Anayembeba haongei na mtu yeyote njiani. Akisalimiwa haitikii. Haangalii nyuma."

"Sawa."

"Wewe. Usiongee." Alimtazama mama yake. "Tumekwisha."

Ma alicheka! Mara ya kwanza tangu asubuhi. Alichovya tawi mtoni, akaligusisha juu ya kitambaa cha sanduku, akataja majina ya mumewe yote, la kwake na ya ukoo, akaanza kutembea mbele. Nikamfuata na sanduku kifuani, linaunguruma hadi kwenye mbavu zangu.

Alimweleza kila kitu. Hapa ndipo tunavuka maji, inua miguu. Hiki ni kilima cha kwanza, kumbuka tulivyokipanda na lile kabati. Huyu ni mjukuu wa fulani, hukumkuta. Kanisa lina paa jipya. Nguzo hizi ni za umeme, usiziogope. Yule dume mwekundu alikufa mwaka ule wa ukame, nilikuomba radhi wakati ule, sijui kama ulisikia. Kizulu changu kilikuwa kidogo, lakini alisema polepole, kama unavyomwambia mtu aliyechoka na safari, na nilifuata karibu yote.

Kwenye bomba la maji wanawake walinisalimu. Sikuitika.

"He! Mgeni wenu leo amekula ulimi?" mmoja alipaza sauti.

Kisha wakaliona tawi. Ndoo zikashushwa. Kwenye kiwanja cha mpira vijana walisimamisha mchezo bila kuambiwa, mmoja akaenda kuushika mpira uliokuwa unaviringika. Wanaume waliokuwa wamekaa kivulini walivua kofia. Nyuki mmoja alipenya kwenye kitambaa, akanipanda shingoni, akaniuma nyuma ya sikio. Machozi yalinitoka lakini mdomo niliufunga. Nina hakika sijawahi kunyamaza muda mrefu hivyo nikiwa macho.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima tulipoingia uani. Ma alifungua mlango wa msonge, akapiga magoti, akatambaa hadi nyuma kabisa na kulaza tawi chini ya boriti zilezile. Niliweka sanduku juu ya kigoda, nikavuta kitambaa kidogo pembeni. Mwenzangu akaniambia kwa kichwa kwamba sasa naweza kuongea. Nikatoka kinyumenyume.

Usingizi haukuja. Sanduku lilikuwa na nyufa, na bumba lisilopenda nyumba huondoka jua likipata moto. Jumamosi nilikuwa mlangoni mwa msonge kabla ya yule ndege wa alfajiri kumaliza kelele zake. Walianza kutoka mmoja mmoja, kisha kumi, kisha wengi. Wakaenda zao. Nikakaa. Na baada ya muda wa kuchemsha chai, wa kwanza alirudi, akatua kwenye ukingo wa sanduku, na kwenye miguu yake ya nyuma alikuwa na vidonge viwili vya unga wa manjano, unga wa maua ya mahindi. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine! Nyuki wanaohama hawabebi chavua. Chavua ni ya kulishia watoto, na anayepanga kulea watoto amekaa.

Nilipiga mbio hadi jikoni.

"Ma! Wanaleta chakula! Wanakaa! Wamekubali, wanakaa!"

Alikuwa ameinamia chungu cha pombe, mikono nyeupe kwa unga wa mtama.

"Nilijua tangu jana," alisema. "Pale kwenye kilima cha pili alianza kunilalamikia mwendo. Yeye siku zote alitembea kama kobe." Akajifuta paji la uso kwa kiwiko. "Mbona umesimama? Chukua shoka ukakate kuni. Kesho uwanja huu utajaa watu, na mwenye nyumba hajala miaka kumi na tisa."